Baba Alipobonyeza Funga

Mimi nina hasira za karibu, kila mtu nyumbani anajua, kwa hiyo niseme mapema kabisa: siku nilipomwekea baba yangu benki kwenye simu, nilifanya hivyo kwa hasira. Nilikuwa nimechoka kumwona mzee wa watu anafanya kazi tangu sijazaliwa na hana hata ukuta mmoja wa kuita wake.

Baba ni fundi wa funguo na vitasa. Watu wamemwita Komeo kwa miaka mingi mno, hata barua ya ofisini ikija na jina lake halisi, majirani wanairudisha wakidhani imepotea njia. Chumba chake cha kazi kina upana wa hatua tatu, kati ya duka la viatu na jamaa anayechapisha kadi. Ukiingia unapokewa na harufu ya grisi na shaba. Ukutani funguo ambazo hazijachongwa zimening'inia kwenye misumari, ndogo juu, kubwa chini, na karibu na dirisha kuna meza yenye jiliwa, ule mdomo wa chuma unaoukamata ufunguo usicheze wakati tupa inapita. Nimekulia chini ya meza ile. Nikitoka shule nilikaa pale kuandika kazi zangu huku unga wa shaba ukinidondokea kwenye daftari, mpaka mwalimu wa hesabu akaniuliza kama kwetu tunachimba dhahabu.

Mashine ya kuchonga anayo, ila haiamini mpaka amalizie kwa mkono. Anauinua ufunguo kwenye mwanga, anaupuliza, anapitisha tupa mara mbili, ndipo anakukabidhi. "Ufunguo ukigoma, urudi. Usipogoma pia urudi, tusalimiane." Na watu walirudi kweli. Nje ya mlango palikuwa na benchi, na kwenye benchi hakukosekana mtu na shida yake.

Shida hizo ndizo zilizokula pesa za baba. Chini ya meza aliweka sanduku la chuma alilolitengeneza mwenyewe, na kitasa chake alikitengeneza mwenyewe vilevile. Alijigamba kwamba hakuna fundi mwingine duniani angekifungua. Fundi wa nini? Chozi moja lilitosha. Mtu aliketi, akashika tama, na kabla hajafika katikati ya hadithi yake ungesikia kitasa kinasema ka-ka-ka na mfuniko unalia. Mama akiwapo, mikono ilikuwa tayari kiunoni.

"Haya, leo nani tena?"

"Mtoto wa dobi kavunjika mguu."

"Na sisi tuvunjike nini ndipo ujue kwamba tupo?"

"Mke wangu, usiseme hivyo. Si zitarudi?"

Zilirudi nusu, au ilirudi shukrani tupu, au hakurudi hata mtu mwenyewe. Na sanduku lile lilikuwa na kazi moja tu, kununua chumba. Mwenye chumba alikuwa mwalimu mstaafu, mama mmoja asiyependa mchezo, na mtaa mzima tulimwita Mwalimu. Baba alimlipa kodi kila mwezi, na kila mwaka alituambia, "Mwakani kitakuwa chetu." Nimekua nikiisikia hiyo mwakani. Nilipoanza kazi kwenye duka la dawa na kuonja jinsi mshahara unavyotafutwa, nikaanza kumsema baba yangu, tena mbele za watu. Nilimwambia hajui kuweka pesa. Nilimwambia mkono wake una tobo. Yeye alicheka tu, akaendelea kupiga tupa.

Siku ya hasira zangu nilimnyang'anya simu, nikampakulia programu ya benki, nikamwonyesha pa kubonyeza.

"Hamadi kibindoni, mwanangu," alisema. "Silaha ni iliyo mkononi."

"Baba, hamadi yako haijawahi kulala kibindoni hata wiki moja."

Alirudi kwenye tupa yake, maana alijua nasema kweli.

Nisiwe mchoyo wa sifa, kitu kile kilimfaa. Wateja walilipa kwa simu na pesa ikaenda moja kwa moja mahali pake. Mfuniko haukulia, kwa hiyo benchi halikujua zimo ngapi. Kila mwisho wa mwezi benki iliongeza faida kidogo, naye aliipokea kwa mashaka. "Hawa wananilipa kwa kazi gani?" Kasoro nazo hazikukosekana. Ukitoa, wanakata ada. Mtandao ukilala, na pesa imelala nao. Lakini kilichomsumbua zaidi ni kukosa uzito. Zamani alilinyanyua sanduku kwa mkono mmoja akajua mwezi umekwendaje. Sasa alinipigia niko kazini, mteja anakohoa mbele yangu, aniulize, "Mwanangu, saa hizi zenyewe ziko wapi hasa?"

"Ziko benki, baba."

"Benki ipi? Ile ya karibu na posta?"

Ilipotimia miaka mitatu hivi, Mwalimu alikuja na mkoba wake akasema anahamia kwa binti yake, hivyo anauza chumba. Muuza simu wa mtaa wa pili alikwisha kumwonyesha pesa taslimu. "Lakini haki ya kwanza ni yako, Fundi. Nakupa mpaka tarehe thelathini." Baba aliangalia salio palepale, akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyefaulu mtihani. Zimetosha! Zimetosha na za soda zimebaki! Nililia pale kaunta, wateja wakadhani nimefiwa.

Jioni ile aliingiza mapato yake ya siku kabla ya kwenda nyumbani. Sasa, wiki hiyo hiyo benki ilikuwa imebadilisha sura ya programu yao. Zamani palikuwa na maneno matatu, Weka, Toa na Salio. Wakaongeza la nne, Funga. Maisha yake yote baba akishaweka pesa, hufunga. Kuacha wazi kwake ni uzembe wa kumfukuzia mtu kazi. Akabonyeza Funga. Simu ikamuuliza kama ana uhakika, na hapo ndipo alipokasirika. "Nimefunga milango ya watu miaka arobaini," alinisimulia baadaye, "leo simu iniulize mimi kama nina uhakika!" Akabonyeza Ndiyo kwa dole gumba, kwa nguvu. Simu ikamshukuru kwa kuwa mteja mwema.

Asubuhi alipojaribu kutoa, iligoma. Akiba yako imefungwa kwa miezi kumi na miwili. Hongera kwa uamuzi wako.

Niliomba ruhusa kazini, nikaenda naye benki nikiwa nachemka. Dada wa dirishani alikuwa na adabu nyingi, na adabu ile ndiyo iliyonimaliza.

"Hii ni akiba ya muda maalumu, dada yangu. Mteja alikubali masharti."

"Mteja alidhani anafunga mlango!"

"Lakini alibonyeza Ndiyo."

"Wewe ukitoka nyumbani ukafunga, unafunga kwa mwaka mzima?"

Baba alinivuta mkono. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, kofia magotini, yeye ambaye ameshawafungulia watu mtaa mzima, kuanzia bibi arusi aliyejifungia bafuni hadi polisi waliopoteza ufunguo wa kituo. Akamwuliza yule dada taratibu, "Binti yangu, hata tundu la ufunguo halina?" Dada akacheka, kisha akaona kwamba mzee hatanii. "Halina, baba. Samahani sana."

Njiani nilimwomba radhi. Mimi ndiye niliyemletea balaa lile, na nilitamani anigombeze angalau nipumue. Hakunigombeza. "Mganga hajigangi," alisema.

Tarehe thelathini nilimkuta anang'oa funguo kutoka kwenye misumari, anazipanga kwenye katoni, ndogo juu, kubwa chini. Jiliwa alikuwa ameshalifungua kutoka mezani na mahali pake paliachwa alama nne za skrubu. Sijawahi kumwona baba yangu mdogo kama alivyokuwa asubuhi ile. Mwalimu alipoingia, baba alisimama, akavua kofia, akamwambia yote bila kuficha, mpaka dole gumba. Akamshukuru kwa kumvumilia miaka yote. Akamwambia amwite muuza simu.

Mimi nikashindwa kujizuia. Nikamsukumia Mwalimu simu karibu na pua. "Soma mwenyewe! Baba yangu si mwongo, pesa hizi hapa!"

"Mtoto ana kelele huyu," alisema Mwalimu, akatafuta miwani. Alisoma neno kwa neno, kidole kikifuata mstari, kana kwamba anasahihisha insha. Kwanza akaguna. "Funga. Ovyo kabisa. Wangeandika Zuia, nani angekosea?" Kisha akarudi juu, akasoma kiasi. Akasoma tarehe. Akainua macho. "Kwa hiyo, Fundi, mtoto wa dobi akivunjika mguu wa pili, huwezi kuzitoa?"

"Siwezi."

"Shemeji yako akija na kilio?"

"Siwezi, Mwalimu. Hata nikifa, sijui."

"Basi nasubiri," alisema. "Kodi utanilipa kama kawaida, na siku zikifunguka utanilipa chumba. Ungeniambia ziko kwenye sanduku, muuza simu angekuwa anapima ukuta sasa hivi. Wewe nakujua." Baba alitafuta pa kukaa, akaketi juu ya katoni la funguo, likabonyea.

Huo mwaka ulikuwa wa ajabu. Mtu alipoketi kwenye benchi na shida yake, baba alimwonyesha simu. "Zimefungwa, ndugu yangu. Hata mimi sina ufunguo." Mama alinenepa kwa raha. Lakini kidogo kidogo watu wakaacha kuketi. Walichukua ufunguo wao, wakalipa, wakaenda zao. Shangazi alikuja mara moja kuomba cha kuezekea jikoni, mvua ikiwa inaingia, na baba alipomwambia hana namna, nilimwona anageukia ukuta. Tulichanga mimi na mama tukampa. Na mimi, niliyekuwa nachukia sana ule mlio wa ka-ka-ka, nikajikuta siku nyingine napita pale baada ya kazi na kuusikiliza usiokuwepo. Utoto wangu wote ulikuwa kwenye sauti ile, benchi limejaa, watu wanacheka na kulia kwa zamu, na baba anasema msijali.

Siku zilipofunguka, baba alilipa mwenyewe, nami nimesimama nyuma yake nikimsomea kila neno kabla hajaligusa. Mwalimu akapokea ujumbe wake. Tulitia sahihi juu ya meza ya kazi, na baba akatoka kidogo kwa jirani wa kadi kwenda kutoa nakala.

Mwalimu alikuwa anafuta miwani. "Hii ni mara ya pili namuuzia chumba hiki," alisema.

"Mara ya pili vipi?"

"Hakuwaambia? Aliwahi kuniletea pesa zote, kwa bei ya zamani, zimefungwa kwenye gazeti. Kesho yake alfajiri yuko mlangoni kwangu anaziomba zirudi. Nilimwuliza kuna nini, akasema, shida ya nyumbani. Nikamrudishia. Nilimkasirikia mwaka mzima."

Nikamwuliza ni mwaka gani. Akaniambia. Nikakaa.

Mwaka ule ndio niliopata nafasi chuo cha ufamasia. Barua ilikuja ikitaka ada yote ndani ya siku tatu, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Baba aliniambia chama cha mafundi kimemkopesha. Niliamini, nikapanda basi na sanduku langu jipya, nikarudi na cheti, nikapata kazi, nikapata na mdomo wa kumwambia mbele ya wateja kwamba hajui kuweka pesa.

Baba aliporudi na nakala zake, Mwalimu alikwisha kuondoka. Baba alizibandika karatasi ukutani kwa msumari, akasogea nyuma kuziangalia, akafurahi peke yake. Nilishindwa kuanza. Nilitaka kuomba radhi kwa miaka yote ile, lakini midomo yangu, mikali siku zote, ikawa mizito. Nikauliza kwa kuzunguka.

"Baba, mwaka wa ada yangu ya chuo. Kama pesa zako zingekuwa kwenye simu, zimefungwa vile, ungefanyaje?"

Aligeuka akanitazama, akajua kwamba nimeambiwa. Akachukua kitambaa, akafuta mikono ambayo haikuwa michafu.

"Ningeivunja hiyo simu."

"Kuvunja simu hakutoi pesa, baba."

"Basi ningevunja na benki," alisema.