Mnene wa Ukutani Jericho

Kama hujasikia habari za Javan Wekulo, basi mtaa wa Jericho wewe ulipita tu. Ndiye aliyeandika kila SUKARI IPO na HAKUNA MKOPO pale sokoni, herufi zimenyooka kama askari wa gwaride. Lakini mwaka wa themanini na mbili alikuwa amechoka hadi kwenye mifupa. Ukiandika maneno ya wengine maisha yako yote, hata brashi inazeeka.

Ndipo Nabiswa, jirani yake aliyerudi kutoka masomoni Polandi, akamwonyesha gazeti la vichekesho la huko.

"Hili ni Szpilki, yaani pini," Nabiswa akatamba. "Lilizaliwa kabla ya vita vya Hitla, vita vikalizima, likafufuka. Washairi na wachoraji wakubwa wamelichangia. Kila kitu hukaguliwa na serikali kwanza. Kwa hiyo, ndugu yangu, wengine wanachora bila neno hata moja. Mkaguzi atafuta nini?"

"Na sasa?"

"Juzi Desemba wanajeshi wa huko walitangaza utawala wa kijeshi. Likasimamishwa."

Wekulo akapekua picha, akacheka mpaka akakohoa. Bila neno! Kesho yake, kwenye ukuta wa bucha ya Mbuthia, akachora mchoro wake mwenyewe, wa kwanza maishani: mkubwa mwenye tumbo anakata utepe kuzindua bomba, na tone moja la maji limeng'ang'ania mdomo wa bomba, linaogopa kudondoka. Jina hakuandika. Salama salimini.

Masikini! Alisahau kwamba Jericho, usipoandika maneno, watu watakusemea. Wacuka muuza mboga alisimama pale akapaza sauti:

"Haiya! Njooni mwone Inspekta Kimeu! Hata suruali ni ile ile ya kupandishwa kifuani!"

Kimeu, inspekta wa soko, alikuwa nyuma yake.

"Wekulo, futa hiyo takataka leo hii. La sivyo, nisikuone na brashi soko hili tena."

Na watoto wake nyumbani wale nini? Wekulo akakoroga chokaa, mabega yameshuka.

"Wacuka, dadangu, si ungenyamaza tu?"

"Na wewe fundi, si ungechora vibaya? Ningenyamaza."

Kimeu akakunja mikono, akasimama juani kungoja. Wekulo akavuta kigoda, akaketi, akachagua brashi nyembamba kuliko zote, ile ya herufi ndogo. Akaichovya kwenye chokaa. Akaanza kufuta kwenye viatu; kufika usoni ingekuwa jioni.