Kulia kwa Glenda

Mwaka ule wa 1990 Atlanta ilikuwa imeshikwa na wazimu wa mazoezi ya kupanda na kushuka vibao vya mbao kwa muziki. Hata ukumbi wa kanisa ulijaa, na waliokosa vibao walikuja na kreti za maziwa. Glenda Tidwell hakukosa mstari wa mbele, na mdomo wake haukukosa kazi.

"Verna, leo tena umegombana na miguu yako?"

Ukumbi ulicheka, na Verna, mama mtu mzima wa mstari wa nyuma, alicheka nao.

Siku mwalimu alipougua, Glenda hakungoja kuombwa. Alisimama mbele, akawageukia wenzake, akapaza sauti: "Kulia!"

Mwalimu anayewatazama wanafunzi hutaja kulia huku yeye akienda kushoto, wamfuate kama kioo. Glenda hilo hakuwahi kuliwaza. Alienda kulia kwake. Waliofuata sikio wakapamiana na waliofuata jicho, na Verna akaanguka na kreti yake.

Glenda alihisi uso unawaka moto.

"Nisameheni jamani," Verna akasema pale chini, goti linatoka damu. "Mnaijua miguu yangu. Glenda mwanangu, nimekuharibia."

Wote wakacheka. Glenda akafungua mdomo aseme ukweli.

"Haya, tuanze upya," ndiyo yaliyotoka. "Na wewe Verna, sikiliza vizuri."

"Sawa, mwalimu."

Glenda akawapa mgongo wasimwone uso, akaendelea kutaja kulia na kushoto, sasa kulia kwake kukiwa kulia kwao. Hakukosea mtu tena, hata Verna.