Chatu Aliyelala Jikoni Mwetu

Kabla hujamwona, ulimnusa. Harufu ya gunia lililonyeshewa likasahaulika, imechanganyika na moshi wa kuni na mavi ya kuku, ndiyo iliyonipokea kila nilipoinama kuingia jikoni kwetu Malinya, mwaka niliokuwa darasa la tatu. Wenzangu wakikumbuka jiko la utotoni hutaja mahindi ya kuchoma. Mimi, jamani, namkumbuka chatu. Alilala kando ya meko ndani ya kasha la mbao, juu yake kifuniko kilichokandamizwa kwa jiwe. Urefu wake, mkiniapisha nitaapa, ungetosha kufungia ng'ombe wote wa Ikolomani na kipande kikabaki cha kuanikia nguo. Haya, labda nimeongeza kidogo. Lakini alikuwa mnene kuliko paja la mtu mzima, na hilo hata aliyekuwa akimtetea hawezi kulikana.

Mwenye nyoka alikuwa Musundi, baba yetu mdogo. Alimtoa kwenye shimo la dhahabu lililoachwa na wachimbaji, angali mwembamba kama mpini wa jembe, akamwita Mheshimiwa. Siku za kupiganisha mafahali alimvaa shingoni kama skafu na kuzunguka uwanja, watu wakapiga kelele hadi mafahali wenyewe wakabaki wanashangaa nani aliyekuja kutazamwa. Sifa zote zilikuwa zake, kazi yote ikawa yetu. Nani alibadilisha maji ya Mheshimiwa? Mimi. Nani alisugua kasha lake lilipovunda? Mama. Na nani alikula ingokho? Nyoka! Nyinyi mnaojua heshima ya kuku katika nyumba za kwetu, hebu nisaidieni kukasirika. Kuku alingoja mgeni, tena mgeni wa maana. Sisi watoto tulimjua kwa mchuzi tu na kwa Krismasi. Lakini Mheshimiwa aliletewa kuku mzima, mwenye manyoya yake, na sisi tumekaa hapo hapo na obusuma, ugali wetu, na mrenda, tukimtazama akimeza bila hata kusema asante.

Sasa sikilizeni ujinga wenyewe. Kwetu kuku walilala jikoni, maana nje kuna baridi na wezi. Kila jioni mimi na mdogo wangu Shivachi, aliyekuwa hata shule hajaanza, tuliwakamata mmoja mmoja, tukawakumbatia na kuwaingiza tunduni. Baba Mdogo alipogundua kwamba chatu naye hapendi baridi, akamleta humo humo penye joto. Nyoka, chakula chake, na watoto wanaonuka chakula chake, wote chini ya paa moja! Baba alikuwa Matungu akikata miwa, kwa hiyo vita vikawa vya Mama peke yake.

"Shemeji, mpeleke mnyama wako alale kwako," Mama alisema huku akikoroga sufuria kama iliyomkosea.

"Kwangu? Atanukisha nguo, Mama Shivachi."

"Zangu hazinuki?"

"Wewe unamwogopa bure. Huyu ananijua. Nikimwita ananigeukia."

"Akikugeukia wewe ni sawa. Akimgeukia mtoto wangu?"

"Ameshiba huyo! Nyoka akishiba ni mto tu wa kulalia."

"Basi kamlalie!"

Baba Mdogo akacheka, akaondoka. Kifuniko kilibaki na jiwe lake, na Mama akabaki na hofu yake, akihesabu vichwa vyetu kila mara tulipokaa kimya.

Jumamosi moja tulitarajia wageni wa kanisa. Mama alichinja kuku, akamnyonyoa nje penye maji moto, na Shivachi akaketi katikati ya manyoya kama mfalme, mikono yote damu na mafuta. Baba Mdogo aliingia jikoni, akaondoa jiwe, akafungua kifuniko amwangalie Mheshimiwa wake, kisha akakumbuka kuna rafiki barabarani anayetaka kumwona. Akatoka kumwita. Kifuniko akakiacha wazi. Aliacha wazi! Hata mlango wa choo mtu hufunga.

Shivachi aliingia kutafuta mahali pa kuficha bawa alilolipenda. Nilisikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, fupi, halafu ikakatika. Tulipofika, mkono wake ulikuwa kinywani mwa chatu na mwili ule ulikuwa umeshamzunguka kifuani mara mbili. Uso wake ulikuwa unabadilika rangi. Mama alivuta, na kadiri alivyovuta ndivyo nyoka alivyokaza. Na Baba Mdogo, mlezi, bingwa, mwenye mali? Alisimama mlangoni akiita, "Mheshimiwa! Mheshimiwa! Wacha! Wacha bwana!" Kana kwamba anamfukuza mbwa kwenye taka. Mheshimiwa hakugeuka. Hakuwahi kumjua mtu maishani mwake.

Mama alinyakua mtungi wa plastiki nyuma ya kuni, akidhani ni maji, akaumimina wote kinywani mwa nyoka. Ilikuwa chang'aa, pombe kali ya Baba Mdogo, aliyoificha humo bila kutuambia. Chatu aliachia kama aliyeunguzwa. Yule rafiki, naye ameshafika, akamshika mkia na kumkunjua akianzia huko mwishoni, pete baada ya pete, mpaka Shivachi akavuta pumzi na kulia. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile. Na neno la kwanza la Baba Mdogo, namnukuu bila kuongeza hata chumvi: "Shemeji, umemwaga yote?"

Shivachi alipelekwa zahanati, akarudi na mistari ya meno mkononi ambayo anayo hadi leo. Maafisa wa wanyamapori walikuja wakamchukua nyoka, kwa kuwa Baba Mdogo hakuwa na kibali cha kumfuga, na hapo ndipo nilipokasirika hasa. Majirani walimiminika kumpa pole Baba Mdogo! Walimshika bega, wakamwambia ajikaze. Mtoto wetu amelala ndani na bandeji hadi kwapani, nje watu wanamliwaza mwenye nyoka.

Miaka mingi baadaye, niliporudi shule kwa masomo ya jioni pamoja na watu wazima wenzangu, mwalimu wa biolojia alieleza kwamba nyoka hana mapenzi na mfugaji. Anajua joto, harufu na njaa. Nilitaka kusimama juu ya dawati nipige vigelegele. Basi mwezi uliopita, hapa mtaa wa Amalemba ninapopanga chumba, kijana wa chumba cha pili akanionyesha picha kwenye simu. "Si mkubwa, auntie. Na ananijua." Nikamuuliza ana kibali? Akacheka. Ukienda kazini nani anamwangalia? Akasema kasha lina kifuniko. Kwetu Malinya angalau tulijua tunalala na nani; harufu ilitutangazia, na kila aliyepita alimwona Mama akilalamika. Siku hizi mtu hufuga chatu nyuma ya mlango wa rangi nzuri, na mpangaji wa kando hana habari. Nimeshamwambia mwenye nyumba, akajibu kila mtu ana uhuru wa chumba chake. Mtoto wa jirani wa upande wa pili ameanza kutambaa. Korido yetu ni moja, na chini ya mlango wa yule kijana kuna nafasi ya kupitisha ngumi yangu. Nimeipima.