Mgomba Uliosaliwa Nusu

Hadi leo, nikisikia harufu ya utomvu wa mgomba uliokutana na maji ya moto, mdomo wangu huanza wenyewe: Salamu Maria. Msinicheke. Enzi za Mwingereza, pale Milanzi, wenzetu walikuwa na saa ukutani; bibi yangu alikuwa na mimi, na nilikuwa saa mbovu.

Nilikuwa na miaka minane mjomba aliponileta kwa baiskeli kutoka kwa mama, kule Namanyere. Kwenye keria nilibanana na machipukizi sita ya ndizi za kupika, mbegu ya mama. Kabla sijakaa, bibi alinivua nguo akazichemsha, na mkeka wangu akautia moto. Nililia mpaka nikachoka mwenyewe.

Kesho yake ikawa zamu ya machipukizi. Aliyamenya kwa kisu, mizizi yote, udongo wote wa kwetu, mpaka tunguu, lile shina nene la chini, likabaki jeupe kama kiazi. Bwana shamba alikuwa amemwambia kwamba maji yanayotokota huua fukuzi, mdudu anayeutoboa mgomba kutoka chini, ila chipukizi likae humo nusu dakika tu, lisiive.

"Sali, mke mwenzangu," bibi alinitania. "Salamu Maria mbili, taratibu, kama mtu aliyewahi Misa. Ukizidisha, tutakula supu."

Matano niliyasalia vizuri. La sita nilikuwa nimemwona mama akiling'oa mwenyewe, akikohoa, akipumzika, akiling'oa tena. Nikalionea huruma. Nikasali moja tu, mbio, nikaikata katikati na kusema Amina kwa sauti ya padri. Bibi, moshi machoni, akalitoa.

Watoto wa jirani walikuwa wakiniita tukacheze, nami nikisingizia tumbo kila walipoita. Nilikaa na mgomba wangu wa sita, nikiusimulia habari za nyumbani. Nikiuliza mama atakuja lini, bibi alijibu, "Migomba ikizaa." Basi nikawa nauhimiza.

Upepo wa kiangazi ukauangusha kabla haujazaa. Bibi akalipasua tunguu: mashimo matupu.

"Huu ulisaliwa nusu, eti?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hakunipiga. Aliung'oa wote akauchoma, usije ukaiambukiza mingine.

Ile mitano ilizaa. Mjomba akaja peke yake, kofia mkononi, na bibi akaketi chini kabla hajasalimiwa.

Kwa miaka mingi niliamini ni mimi niliyemuua mama kwa sala yangu fupi. Nilikuwa sekondari mwalimu alipotufundisha habari za kifua kikuu. Ndipo nikaukumbuka ule mkeka, zile nguo chunguni, na mama akikohoa huku akinifungia safari. Nilikuwa nimemnunia bibi utoto mzima kwa kunitenga na mama. Kumbe aliyeniondoa ni mama mwenyewe, mapema, ningali mzima.

Siku hizi saa ninayo. Lakini chungu cha machipukizi kikitokota siitazami. Nasali zote mbili, taratibu, mpaka pale mwisho panapotaja saa ya kufa, maneno niliyomkatia mama.