Mlango Uliotazama Barabara

Hata leo nikiona fulana nyeupe yenye picha ya baiskeli kifuani, damu inanichemka. Nami niliivaa. Tuliivaa kundi zima, tukashuka nayo kutoka Mbeya tukiimba.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Kyela ilijaa mitumba na vitenge vilivyovushwa mto Songwe kutoka Malawi, na wafadhili nao waliingia kama bidhaa nyingine yoyote. Hawa walitoka Dar es Salaam, Wazungu kwa Watanzania, wakapanga kuendesha baiskeli kutoka Mbeya mpaka kijiji cha Ngana, na wakifika wawajengee nyumba watu waliobomolewa na mafuriko. Mimi nilikuwa mwalimu wa kike wa shule ya msingi Mbugani. Walinichukua niwe mkalimani kwa sababu niliweza kuendesha baiskeli. Nilikubali hata kabla hawajamaliza kuuliza, maana nyumba ya kwanza ilikuwa ya dada yangu.

Safari yenyewe siisemi vibaya. Wao walikuwa na baiskeli za gia, mimi nilikuwa na dude la Kichina zito kama mlango wa benki. Kuteremka kutoka Tukuyu mvua ilitunyeshea, breki zangu zikakataa, nikawa nasimamisha kwa soli za viatu huku wenzangu wakinicheka, nami nikiwacheka wao kila walipoanguka kwenye tope. Tulipofika bondeni kwenye mashamba ya mpunga, joto likatupiga, lakini nilikuwa na furaha. Nilijiona napeleka nyumba kwa dada yangu mgongoni.

Dada yangu alikuwa mjane. Maji yalipochukua nyumba yake, baba mkwe wake alimkatia kiwanja kwenye ua wake mwenyewe, kwa kuwa ndipo mahali pekee palipoinuka. Sasa, kwetu Unyakyusa mke wa mtu hamtazami baba mkwe wake usoni. Hatamki jina lake. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke anaingia migombani mpaka mzee apite. Wengine wameacha, dada yangu hakuacha, na mzee hakuacha. Ndiyo heshima waliyowekeana miaka yote, na ndiyo maana mzee alichagua kiwanja kilicho nyuma ya migomba, ili mlango wa dada utazame mtoni na wa kwake utazame barabarani. Wangeishi jirani bila kuonana.

Kiongozi wa msafara alikuwa kijana wa Dar, mwenye filimbi shingoni. Alipofika tu alipuliza filimbi yake, akaagiza migomba ikatwe. Alitaka mlango uelekee barabarani, nyumba ionekane na wapita njia na kibao cha mfadhili kisomeke.

Nilimfuata mbio. Nilimweleza yote niliyoyaeleza hapa, kwa Kiswahili chepesi kabisa.

"Mlango ukikaa hapo," nikamwambia, "dada yangu hatatoka ndani mchana. Kila akifungua, mzee huyo hapo barazani kwake."

"Mwalimu, na wewe unaamini hayo?" akasema. "Nchi inafunguka hii. Watazoeana tu."

"Usipogeuza mlango, basi acha migomba."

"Ramani imeshapitishwa."

Ramani! Kana kwamba ilishuka na Musa kutoka mlimani. Migomba ikaanguka yote, yenye mikungu na isiyo na mikungu, na Wazungu wa watu wakafurahi kuburuta majani, hawakujua wanalofanya. Yeye alijua. Nilikuwa nimemwambia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alijua.

Walijenga vizuri, siwanyimi haki yao. Tofali za saruji, bati jipya, mlango wa mninga. Siku ya kukabidhi, mzee aliketishwa mbele na viongozi wa kijiji. Dada yangu alijificha nyuma ya nyumba. Kiongozi akamwita, hakuja. Akamwita tena, kisha akaenda mwenyewe, akamshika mkono na kumvuta mpaka mbele ya baba mkwe wake, akicheka, "Mama, usione haya!" Dada akavuta kanga ikamfunika kichwa chote, akachuchumaa chini, uso magotini. Wanawake wa Ngana wakageuza nyuso. Mzee akainuka, akaondoka. Wageni wakapiga makofi, wakidhani dada analia kwa furaha.

Fulana niliivua palepale, nikabaki na blauzi yangu ya ndani. Sikurudi nao Mbeya.

Mvua za masika zilipopungua nilikwenda Ngana peke yangu. Nyumba ya dada ilikuwa imefungwa. Yeye nilimkuta kwenye kibanda cha majani nyuma ya nyumba hiyo, anachochea moto. Aliomba ukuta wa nyuma utobolewe mlango, uongozi wa kijiji ukamkatalia, eti nyumba isiguswe mpaka mfadhili aje kukagua. Basi mzee, kwa kumhurumia, akaanza kushinda mbali na kwake tangu alfajiri ili mkwewe apate kutoka akachote maji. Alishinda kwenye mvua. Mwisho akafunga nyumba yake aliyoijenga ujana wake, akavuka Songwe kwenda kukaa kwa binti yake Malawi. Kijiji kizima kikasema mjane amemfukuza baba wa mumewe kwa ajili ya bati. Kisimani wanawake hawakumsalimia.

Nilianza kumpa pole, akanikatiza. Sijawahi kumwona na hasira vile.

"Nenda kawaambie waje waibomoe," akasema. "Waje na baiskeli zao na nyimbo zao, lakini waibomoe, Tata, baba wa mume wangu, arudi kwake."

Nilipanda basi la Mbeya siku hiyohiyo kuwatafuta. Niliambiwa wameshaondoka, wako njiani na baiskeli zao kwenda wilaya nyingine, kujenga.