Ukurasa Tuliokubaliana Kuufunga

Nilipomtoa binti yangu shule, watu walidhani nimepandwa na wazimu. Sikuwa na wazimu, nilikuwa na hasira. Mtoto aliyekuwa akiuliza mpaka unamwomba apumue, miaka miwili ya kuchekwa kitambaa chake kichwani ilimfanya bubu darasani. Sikutaka makubwa. Nilitaka aulize, ajibiwe, basi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tunakaa Acocks Green, Birmingham, na wenzangu katika jambo hili walikuwa wawili tu. Mmoja alikuwa mama wa Kisikh, mzaliwa wa Nairobi, mtaa wa pili kutoka kwangu. Mwingine alikuwa mama Mkongomani, mlokole wa Castle Vale, aliyebadilisha mabasi mawili kila asubuhi kumleta binti yake. Tuliamua tufundishe pamoja sebuleni kwangu, kwa mtaala usio na dini ya mtu yeyote, na dini kila mmoja aifundishe kwake.

Rahisi kusema. Mtaala wa kwanza tulioletewa ulijinadi kuwa ni wa wote, kumbe hesabu zake zote ni za wanyama wa Safina ya Nuhu. Wa pili ulikuwa wa Waislamu wenzangu, na mimi ndiye niliyeupendekeza, nikajifanya sijui kwa nini wenzangu wamenuna. Wa tatu haukumhubiri Mungu wala mtume. Vilikuwa vitabu vizuri vyenye picha za rangi, tukachangia seti moja. Hapo ndipo tulipoharibu.

"Kila nyumba ikae navyo siku tatu," alisema mama wa Nairobi. "Page yenye hutaki, una-staple. Na hakuna mtu ataulizwa why. Sawa, dada?"

"Sawa kabisa," mwenzetu wa Castle Vale akaitika. "Ile ya nyani mimi nitafunga. Banasema mutu alitoka kwa nyani! Non, mama, batoto yangu hapana."

Jambo hilo tuliliita heshima. Vitabu vilikwenda Castle Vale kwanza, vikarudi sokwe wamebanwa pini, nami nikafurahi, maana sikuwataka pia na sasa sikulazimika kuwa mbaya mimi. Mama wa Nairobi alibana ukurasa uliosema Usikh ni tawi la Uhindu, na hapo alikuwa na haki, ulikuwa uongo. Zamu yangu ilipofika nilimbana nguruwe na wanawe, kana kwamba kuna mtu atakayeila picha.

Kisha nikafika kwenye ukurasa ulioorodheshwa mwanzoni kuwa wa mwili wa msichana anapokua. Ulikuwa umeshabanwa pini mbili, moja juu, moja chini, kila moja ya nyumba yake. Haukufunguka hata kidogo. Mimi nikatia ya tatu katikati. Wanawake watatu tusiokubaliana hata siku ya mapumziko, hapo tuliafikiana bila kikao.

Na sikuona kosa. Kwetu Tanga mama hamwambii bintiye mambo hayo. Binti akivunja ungo hukabidhiwa somo, mwanamke aliyechaguliwa, na huyo ndiye anayemfunza kila kitu. Mimi nilifunzwa hivyo, mama yangu hakutia neno. Nilijiambia kitabu kinaingilia kazi ya mtu. Huyo mtu atatoka wapi hapa Birmingham, sikujiuliza.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja. Wiki moja ya mvua akawa habanduki kwenye kochi, sweta amelifunga kiunoni, chakula hataki. Nilimgombeza kwa uvivu. Ndiyo, nilimgombeza. Siku ya tatu jioni mwenzangu wa Castle Vale akanipigia simu.

"Mama, mutoto wako iko mugonjwa? Amemupa wangu kalamu zake zote za rangi. Amemuambia yeye atakufa, anatoka damu. Amemukataza aseme."

"Na wako hakumwambia ni nini?"

"Hajue, mama." Kisha akaongeza, "Mi nilikuwa nangoja shangazi yake wa Bukavu akuje amuambie."

Siku tatu! Siku tatu mtoto alikuwa chini ya paa langu akijua anakufa, nami namuuliza kwa nini hajamaliza sehemu zake za hesabu. Ile shule niliitukana kwa kumnyamazisha mwanangu, niliitukana mbele ya kila aliyekuja kunywa chai kwangu. Nyani haoni kundule.

Nikapanda chumbani kwake. Nilimweleza vibaya, nikiruka maneno, macho yangu ukutani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Siku zote alinijibu kwa Kiingereza, lakini jioni ile alisema Kiswahili, polepole, nisije nikasingizia sikuelewa.

"Wewe unapata hiyo damu?"

"Ndiyo."

"Na anti wa Castle Vale? Na anti wa Nairobi?"

"Nao pia. Wanawake wote, mwanangu."

"Waite."

Walikuja kesho yake asubuhi. Tukaketi kochi moja, mimi katikati, na binti yangu akasimama mbele yetu na sweta lake kiunoni. Mama wa Nairobi akaanza kueleza kwamba alikuwa akimsubiri dada yake mkubwa aje likizoni, azungumze na wasichana wote kwa pamoja. Binti yangu akamkatiza. Sikuwa nimepata kumwona akimkatiza mtu mzima, na sikumkemea.

"Mlitaka nani aniambie?"

Tulikuwa wanawake wazima watatu kwenye kochi lile, na bado kila mmoja alimgeukia mwenzake ajibu.