Unga Mweupe wa Maji Taka

Mimi ni fundi wa maabara kwenye mabwawa ya maji taka ya mji wetu, Kakamega. Maji ya bwawa la mwisho huingia kwenye kijito kinachopita shambani kwa mama mmoja mjane, yakiwa bado na amonia ya kuwasha macho. Asubuhi moja alifika langoni na kambare waliokufa, amewafunga kwa jani la mgomba.

"Mwanangu, hii maji mnatuletea, ng'ombe wangu atakunywa gani?"

Nilikumbuka jambo tulilofundishwa chuoni. Nilijaza pipa maji ya bwawa, nikatia chumvi ya magnesiamu na fosfeti niliyoikuta stoo, kisha soda kali ya kutengenezea sabuni, kidogo kidogo huku nikikoroga. Maji yakawa meupe kama maziwa. Yalipotulia, chembe nyeupe zilikuwa zimelala chini pamoja na sehemu kubwa ya amonia, na ule ukali puani ulikuwa umepungua. Nilizianika juu ya gunia, nikampelekea yule mama kama mbolea. Alizitia kwenye mstari mmoja wa sukuma wiki. Mvua ilipokolea, mstari ule ulitoa majani mapana kuliko mingine yote.

Nilimwita mkubwa wangu aone. Alikata jani moja, akaligeuzageuza.

"Unga umefanya kazi. Lakini pipa si bwawa. Hiyo chumvi tutaitoa wapi kila siku?"

"Tuombe makao makuu."

"Haya, omba."

Niliomba. Chumvi ya stoo ikaisha, nikaomba tena, pakawa kimya. Nikajaribu majivu ya kuni badala yake. Nilipata tope la kijivu tu, na amonia ikabaki palepale.

Mama alirudi kuulizia.

"Ile unga imeisha?"

"Imeisha, mama."

"Na maji?"

Nikainama. Akasema, "Ng'ombe nimepeleka kwa dada yangu kule Malava. Huko hanywangi sumu." Hakusema kwa hasira. Laiti angenigombeza.

Msimu uliofuata aling'oa sukuma akapanda mikaratusi, kwa sababu mti hauliwi. Hajaja tena langoni. Mimi bado napima amonia kila wiki na kupeleka matokeo ofisini. Hayabadiliki, wala hakuna anayeniuliza.